Kwa Penseli

Saa tatu asubuhi, Kibaigwa,
mizani imekwisha sema yake:
magunia kumi na mawili ya mahindi ya Bi Chedego,
yameshonwa sawa, hayana lumbesa,
na printa imekaa kimya kama mtu aliyesingiziwa.

Nje maroli yamepanga foleni hadi barabara kuu.
Utingo mmoja kalala juu ya turubai, kofia usoni.
Napiga simu Dodoma.
Anapokea Nyemo, kijana wa mitambo,
sauti ya usingizi, au mafua:
"Nipe anwani ya kompyuta yako."

Nikampa sanduku la posta.

Akacheka mpaka akakohoa.
"Siyo hiyo, dada. Ya mashine yenyewe.
Namba, mafungu manne, kati yake nukta."

Pembeni mwa kioo kuna kikaratasi
alichobandika aliyenitangulia, gundi imeshika vumbi:
mia moja ishirini na saba, sifuri, sifuri, moja.
Namsomea kwa madaha, kama niliyefaulu mtihani.

"Hapana. Hiyo kila kompyuta duniani inayo.
Ni mashine inajiita yenyewe.
Umepiga hodi, umeulizwa nani,
unajibu: mimi."

Mimi nani?
Ndivyo bibi alivyokuwa akituuliza, kule Haneti,
mkono ukiwa kwenye komeo, hafungui
mpaka utaje jina, na la baba,
na ulikokuwa usiku wote huo.

"Fungua dirisha jeusi."
Nimefungua. Jeusi kweli, kama tako la chungu.
Ananitajia herufi nane, moja moja,
nami nazidonoa kwa kidole kimoja,
mara mistari inamwagika
kama gunia lililokatika uzi.

"Tafuta inayoanza na kumi."
Ya kumi haipo.
Ipo mia moja sitini na tisa, nukta,
mia mbili hamsini na nne, nukta…
"Basi, ishia hapo. Hiyo imejipa yenyewe.
Imeita, imeita, hakuna aliyeitikia,
ikajitungia namba ili isikae bila."

Nikaitazama ile mashine.
Miaka miwili naifuta vumbi, sijawahi kuionea huruma.
Mimi nilishuka hapa na begi moja,
mwenye nyumba akauliza nimwite nani,
nikasema: Mama Edina.
Sina mtoto.
Hakuna aliyemuulizia.

"Dada, upo? Angalia waya."

Napiga magoti. Chini ya meza punje, pumba,
maganda ya karanga za watu watatu kabla yangu,
na waya wa bluu umechomoka, shingo imetafunwa
na panya wa soko hili,
walioshiba mahindi wakatamani plastiki.
Nausukuma. Tik.
Taa ya kijani inakonyeza.

"Andika tena."
Kumi, nukta, ishirini, nukta, tatu, nukta, arobaini na moja.
Nani kaipa? nauliza.
"Kale kasanduku ukutani. Ndiko kanakogawa.
Kesho huenda kakaipa nyingine.
Ni ya kupanga hiyo, siyo ya kununua."
Kama chumba changu, nikasema.
Hakusikia, au alisikia
akaona si kazi ya mitambo.

Printa ikakohoa, ikatema risiti.
Bi Chedego akaishika mbali na macho,
akaisoma yote, hata tarehe,
akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Nikabandua kile kikaratasi.
Nikaandika kipya, mafungu manne, kwa penseli.
Nafasi ilibaki chini yake.
Nikaanza kuandika na jina langu,
lile la kwetu,
alilokuwa akilisubiri bibi nyuma ya mlango.
Nilifika herufi ya tatu.

Roli likapiga honi.
"Mama Edina! Au tulale hapa?"

Nikaitika.